Kimya Kina Wenyewe



Leo nataka kuitetea kazi moja ambayo ukimsimulia shangazi yako atacheka mpaka ashike mbavu. Mtu mzima, mwenye akili zake timamu, anafunga mzigo, anapanda treni, anapanda meli, anateremka kwenye kisiwa cha upepo na mvua, anakabidhiwa kibanda cha mbao chenye jiko la kuni, kisha anaachwa humo awasikilize ndege na kuwaigiza kwa sauti yake. Haandiki ripoti ya mazingira. Hahesabu mayai. Anaimba tu. Na kuna watu walikaa kikao, wakapitia maombi chungu nzima, wakaamua kwamba huyu ndiye anayestahili.

"Na analipwa?" Shangazi lazima aulize. Wakati mwingine, shangazi, ndiyo, analipwa.

Kumpa msanii mahali pa kukaa na muda wa kufanya kazi si jambo geni kwetu. Nafasi Art Space pale Mikocheni, Dar es Salaam, wamepokea wasanii kwa namna hiyo kwa miaka mingi. Mchoraji anakuja, anapewa chumba cha kazi, anachora, anaondoka, na hakuna anayeshangaa. Anayetushinda ni huyu wa ndege. Picha tunaiona, kinyago tunakishika. Mtu anayelia kama kekeo ufukoni saa kumi na moja alfajiri, huyo tunamwitia ndugu zake.

Kisiwa ninachokizungumzia kinaitwa Eigg, pwani ya magharibi ya Uskoti. Unakifikia kwa meli kutoka bandari ndogo ya Mallaig, nacho ni kimoja kati ya visiwa vinne vilivyo jirani: Eigg, Muck, Rum na Canna. Kibanda chenyewe kinaitwa Sweeney's Bothy, na nyuma yake kuna shirika la Bothy Project, ambalo hujenga vibanda vidogo sehemu za mbali kwa ajili ya wasanii. Ng'ambo ya maji inaonekana milima ya Rum. Ufukoni kuna mchanga wa kwatzi ambao ukiukanyaga ukiwa mkavu unalia chini ya soli kama viatu vipya vya Idi. Hakuna mtu aliyeutengeneza ulie. Chembe zake zina ukubwa unaolingana, na zikisuguana zinatoa sauti.

Na huyo Sweeney ni nani? Ni mfalme wa hadithi za kale za Ayalandi. Alimfanyia jeuri mtakatifu mmoja aitwaye Ronan, mtakatifu akamlaani. Vita vilipopigwa Magh Rath, mwaka 637, kelele za majeshi zilimtia wazimu. Akakimbia, akawa anaishi juu ya miti kama ndege, akila majani ya kandokando ya maji na kutunga mashairi. Wanasema katika kuhangaika kwake alifika mpaka Eigg. Mimi naipenda hadithi hii kwa sababu kelele ndizo zilizomvuruga, na tiba aliyoitafuta ni kukaa karibu na sauti nyingine. Kwa kibanda cha watu wanaokuja kusikiliza, hilo ni jina lililokaa mahali pake.

Lakini kabla sijakupeleka mbali, tuingie kooni kwanza, maana watu hudhani kuigiza ndege ni mchezo wa watoto. Mwanamume akizungumza, nyuzi za sauti yake hutetemeka mara 100 hadi 150 hivi kwa sekunde. Mwanamke, kama mara 200. Ndege wadogo wengi huimba kati ya mitetemo 2,000 na 8,000. Tena ndege hatumii koo kama letu. Chombo chake cha sauti kiko chini kifuani, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili, na pande zote mbili zinaweza kufanya kazi kila moja kivyake. Ndiyo maana ndege mmoja anaweza kukutolea sauti mbili kwa pamoja, na wewe na mapafu yako yote huwezi.

Mwaka 2007 msanii Mwingereza Marcus Coates aliupata ujanja wa kuivuka tofauti hiyo. Akishirikiana na mtaalamu wa kurekodi sauti za ndege, Geoff Sample, alirekodi ndege wakiimba alfajiri, kisha akaipunguza kasi ile sauti, nyingine hadi mara 16. Mlio wa sekunde mbili ukawa wimbo mrefu wa kuvutavuta, wenye mikunjo ambayo sikio la mtu halikuwahi kuipata. Akawapa watu 19 wa kawaida waufuatishe kwa sauti zao huku wakipigwa picha za video, kila mtu mahali pake: mmoja ndani ya teksi, mwingine ndani ya bafu. Halafu akairudishia video kasi. Ukiitazama utadhani ni uchawi. Sauti inakuwa ya ndege hasa, na si sauti tu: vichwa vinashtukashtuka, macho yanapepesa, vifua vinapanda na kushuka upesi upesi. Mwili mzima umegeuka ndege bila mtu kumwelekeza mwenzake afanye nini. Pumzi ndiyo iliyoufuata wimbo, na mwili ukaifuata pumzi.

Sisi watu wa redio tuna aibu yetu katika habari hii, na sitaificha. Tarehe 19 Mei 1924, BBC walipeleka vipaza sauti kwenye bustani moja kule Oxted, Surrey, ambako mpiga sello Beatrice Harrison alipiga muziki huku ndege akimjibu, yule ndege mdogo wa Ulaya anayeimba usiku na ambaye washairi wao wamemwandikia mpaka wino ukawaishia. Matangazo yalikwenda moja kwa moja hewani, wasikilizaji wakapagawa. Mwaka 2022 yakazuka madai kwamba ndege wenyewe walitishwa na nyayo za mafundi wakanyamaza, na kwamba aliyesikika usiku ule ni binadamu, mtaalamu wa kupiga miluzi ya ndege, aliyewekwa akiba. Kama ni kweli, mimi namvulia kofia huyo mpiga mluzi. Alimdanganya hadi Harrison? Sijali. Kazi aliifanya.

Sasa huyu kekeo. Kwa koo la mtu, kekeo ni rahisi: mlio wake una noti mbili, unashuka, na uko chini vya kutosha hata mtoto anaufikia. Ni dume tu anayelia hivyo. Jike ana sauti yake nyingine ya kububujika. Mwaka 2016 msanii Hanna Tuulikki alitengeneza filamu kisiwani Eigg, ambamo anajivika uhusika wa mfalme Sweeney na kuongea kwa mlio wa kekeo. Usidhani ni kichekesho. Inaanza kama kichekesho, kisha unaanza kumhofia yule mtu.

Nitakaa na Tuulikki kidogo, kwa sababu kazi yake kubwa ndiyo iliyonifanya nibadili namna ninavyoitazama shughuli hii. Ni msanii mwenye asili ya Uingereza na Ufini, na anafanyia kazi zake Uskoti. Kuanzia mwaka 2010 aliandama swali moja: katika nyimbo za Kigaeli, lugha ya zamani ya visiwa vile, ndege wako wapi? Swali hilo lilimfikisha Canna, na kilichomfikisha si ndege peke yao. Kisiwani kuna nyumba yenye hazina. Mwaka 1938 msomi John Lorne Campbell alikinunua kisiwa kizima, akahamia na mkewe, Margaret Fay Shaw. Mama huyu, Mmarekani wa Pennsylvania, alikuwa amekaa kama miaka sita katika kisiwa cha South Uist, nyumbani kwa dada wawili wa kijijini, akijifunza nyimbo mdomoni mwao na kuziandika kwa noti. Mumewe alizunguka na mashine za kurekodia, zikiwemo zile za zamani zilizohifadhi sauti kwenye waya mwembamba wa chuma. Mwaka 1981 Campbell alikitoa kisiwa, pamoja na nyumba na vyote vilivyomo, kwa shirika la hifadhi la National Trust for Scotland. Margaret aliishi mpaka 2004, akiwa ametimiza miaka 101.

Nyimbo hizo zilikuwa za kazi na za nyumbani: za kukamua ng'ombe, za kubembeleza mtoto, za wanawake walioketi kuzunguka meza wakigongagonga nguo mbichi ya sufu mpaka ikaze. Ndani yake, ghafla, maneno yanakoma kuwa maneno. Mwimbaji anaingia kwenye silabi nyembamba zisizo na maana katika kamusi yoyote, na ukizisikiliza ufukoni unatambua mara moja ni nani anayesema. Yuko ndege mmoja wa ufukoni mwenye miguu myekundu, mwoga, anayepiga yowe la juu mara tu anapomwona mtu. Yowe lake limeingia katika maombolezo ya Kigaeli. Anaishi pale bahari inapopakana na nchi kavu, kwa hiyo wenyeji walimwona ni wa mpaka mwingine pia, ule wa walio hai na waliokufa. Mwanamke aliyefiwa, sauti ikimkauka, aliazima ya ndege yule. Hapo kuigiza si mapambo ya wimbo. Ni mahali ambapo wimbo umeshindwa kwenda kwa maneno.

Tuulikki alizichukua chembe hizo, akazisuka kuwa utunzi mmoja mrefu kwa sauti za wanawake, makundi makundi: ndege wa ufukoni, wa baharini, mabata bukini na wenzao, kunguru, hadi kekeo. Noti zake alizichora kama michoro, kwa sababu mistari mitano ya muziki haiwezi kubeba yowe. Agosti 2014 utunzi huo uliimbwa Canna kwenyewe, bandarini, waimbaji wakiwa majini na watazamaji wakiwa wamefuata kwa meli. Ukumbi usio na kuta wala paa, na ndege wenyewe wakipita juu. Nadhani hiyo ndiyo hadhira kali kuliko zote. Mkosoaji wa gazeti unaweza kumwambia hakuelewa dhamira yako. Ndege wa ufukoni utamwambia nini?

Kwa hesabu hiyo, kutoka kuanza mpaka bandarini ni miaka minne. Hapa ndipo ninapokuwa mgumu. Vibanda vingi vya wasanii duniani humpa mtu wiki moja, au mwezi mmoja, kisha huitarajia kazi. Wiki moja inakutosha kusikia upepo na kujisikia mpweke. Ndege unaanza kuwatofautisha unapokaribia kufunga mzigo. Wengi hurudi mjini na rekodi ya mawimbi, wakaichanganya na mihemo yao, wakaiita mazungumzo na asili. Nimeyasikiliza mengi ya namna hiyo kwa sababu kazi yangu inanilazimu, na naweza kusema kwa ujasiri kwamba aliyekuwa akizungumza pale ni mmoja tu.

Na kuna jambo linaloniudhi zaidi. Maelezo ya safari hizi hupenda kusema msanii alikwenda "mahali pa kimya", "pasipoguswa". Haya, tukitazame hicho kimya. Mwaka 1826 wakazi wa Rum wapatao 300 walipakiwa melini wakapelekwa Nova Scotia, Kanada, ili kisiwa kiachiwe kondoo. Nyimbo zao zilikwenda nao. Milima ile inayoonekana kutoka kibandani Eigg imetulia kwa sababu walioishi chini yake waliondolewa. Upande wa Eigg, wakazi walipambana mpaka mwaka 1997 kisiwa kikanunuliwa kwa ajili yao wenyewe, wakaachana na wamiliki waliokuwa wakipishana kama wapangaji. Mwaka 2008 wakawasha gridi yao ya umeme wa maji, upepo na jua, kila nyumba ikiwekewa kikomo cha kilowati 5. Kabla ya hapo watu walitegemea majenereta ya dizeli, na kila anayejua mtaa wa majenereta anajua ndege gani husikika humo. Kwa hiyo msanii anayefungua dirisha Eigg akasikia alfajiri safi, anasikia pia matunda ya mikutano ya wanakijiji na kikomo cha kilowati zao.

Hata ndege wenyewe wana historia ya watu. Canna ilivamiwa na panya walioletwa na meli, wakala mayai na makinda mpaka ndege wa baharini wanaotaga mashimoni wakakaribia kutoweka. Kampeni ya kuwamaliza panya ilianza 2005, na mwaka 2008 kisiwa kikatangazwa hakina panya tena. Kule Rum ndege hao wapo kwa maelfu mengi sana. Hutaga juu milimani, hurudi usiku wa giza kutoka baharini, wakikoroma na kulia kwa sauti ya kumtoa mtu jasho. Mlima mmoja pale una jina lililotokana na majitu ya ngano za Kaskazini, na inaaminika mabaharia wa kale waliusikia usiku wakadhani una majitu kweli. Nani alisema asili iko kimya?

Nikurudishe kwa kekeo, maana sasa anakuja upande wetu. Dume yule anayelia Uskoti mwezi Mei hakai hata miezi mitatu. Tangu mwaka 2011 watafiti wa ndege wa Uingereza wamekuwa wakiwafunga kekeo vifaa vidogo vya setilaiti mgongoni, na njia zao zimeonekana: wanavuka Ulaya, wanavuka Sahara, wanakwenda kukaa miezi ya baridi kwenye misitu ya bonde la Kongo. Wewe unayenisikiliza ukiwa Kisangani au Bunia, ndege huyo ni jirani yako kwa muda mrefu kuliko anavyokuwa jirani ya Mskoti. Ila akiwa huku kwa kawaida halii. Wimbo wake ni wa kutafuta jike na kulinda eneo, na hayo ameyaacha kule. Anakuja kula viwavi na kunyamaza.

Anakonyamaza yeye, watu wanaimba. Wambuti wa msitu wa Ituri wana desturi inayoitwa molimo, ambayo Colin Turnbull aliieleza katika kitabu chake The Forest People cha mwaka 1961, baada ya kukaa nao karibu na Epulu. Mambo yakiharibika, mawindo yakikosekana, mtu akifa, wanaamini msitu umelala. Kwa hiyo wanauimbia usiku ili uamke, na humo huingia baragumu refu linalounguruma kama chui na kulia kama tembo, likizunguka gizani lisionekane. Turnbull alitarajia kuona chombo kitakatifu cha mti au mwanzi. Akaletewa bomba la chuma, lililotoka kwa mafundi wa barabara. Aliumia moyo. Wenyewe hawakuona tatizo: bomba linalia vizuri, tena haliozi.

Ningependa kila msanii anayeomba kibanda cha kusikilizia ndege asimuliwe habari ya bomba lile. Wageni tunapenda asili ije na vifaa vya asili. Wenyeji wanataka sauti itoke sawasawa, kwa sababu ina kazi ya kufanya. Hilo ndilo lililomwokoa Tuulikki na upuuzi, kwa maoni yangu: alianzia kwa akina mama waliokuwa na ng'ombe wa kukamua na maiti wa kulilia, kisha akaenda kwa ndege.

Na huku kwetu kazi ya sauti hizo bado inaendelea, wala si ya makumbusho. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wakitaka asali hupiga mluzi, na yuko ndege mdogo anayekuja, akaanza kuwaongoza kutoka mti hadi mti mpaka kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Watu wanachukua asali, ndege anajipatia nta. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, humwita ndege wa jinsi hiyohiyo kwa sauti yao nyingine: mtetemo mrefu wa ulimi unaomalizika kwa mguno mfupi. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha matokeo ya kuipima sauti hiyo ya Kiyao. Mtafuta asali akiitoa, nafasi ya ndege kumwongoza ilikuwa kama asilimia 66; akitoa sauti nyingine, 33.

Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood wakafanya jaribio lingine. Wakapiga rekodi za miluzi ya Wahadzabe na miito ya Wayao katika sehemu zote mbili, waone ndege atamfuata nani. Kule Eyasi ndege aliitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Niassa ikawa kinyume chake, Myao akasikilizwa karibu mara mbili zaidi ya mgeni. Ndege ni wa jinsi moja, asali ni ileile, na sauti zote mbili zilitoka kwa mabingwa wa kazi hiyo. Aliyefika na mluzi wa nchi nyingine, hata kama ni mzuri kiasi gani, mara nyingi aliachwa amesimama chini ya mti.